Kabla hujabonyeza "tengua": niliyojifunza nikilinda kurasa za kwetu Lubumbashi

Mara ya kwanza kuitwa mharibifu kwenye Wikipedia, nilikuwa nimesema kweli. Ukurasa wa Kolwezi, katika lugha ambayo sitaitaja, ulikuwa bado unasema mji huo uko mkoa wa Katanga. Sisi wa huku Kongo tunajua Katanga iligawanywa mwaka 2015 ikazaa mikoa minne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Kolwezi ndiyo makao makuu ya Lualaba. Nikafuta neno moja, nikaandika jingine, nikahifadhi, nikaenda kula bukari yangu, yaani ugali.

Niliporudi, Katanga imerudi: mtu alikuwa ametengua, yaani ameondoa badiliko langu. Nikabadilisha tena. Ikarudi tena. Mara ya tatu nikaandika kwenye muhtasari, kile kisanduku cha kueleza ulichobadilisha, kwa herufi kubwa, maneno ambayo mama yangu asingependa kuyasoma, na baada ya dakika chache nikapewa onyo: ukiendelea, utazuiwa.

Nililala na hasira. Mtu wa mbali, hajawahi kukanyaga Likasi wala Fungurume, ananifundisha mimi jiografia ya kwetu! Ilinichukua miezi, na kukaa upande wake wa meza, kuelewa alichokiona yeye usiku ule: mgeni asiye na akaunti amefuta jina linalojulikana, hakuweka chanzo, hakueleza sababu, kisha anatukana. Ningekuwa yeye, ningetengua hata mara ya nne.

Tangu hapo nimeshinda na kurasa zinazohusu Lubumbashi na Katanga nzima ya zamani, hasa kwa Kiswahili, na kwa Kifaransa mega za intaneti zikitosha. Wengine mmeniuliza najuaje kwamba badiliko fulani ni uharibifu. Haya ninayoandika ni ya mtu aliyekosea mengi, kwa hiyo yachukueni hivyo.

Wenye kelele si shida

Kuna uharibifu ambao hata mtoto anauona. Mtu amefuta ukurasa mzima akaandika "hahaha". Ameweka jina la mpenzi wake katikati ya historia ya Msiri, mfalme wa zamani wa huku kwetu. Ukifungua mabadiliko ya karibuni, utaona namba nyekundu yenye alama ya kutoa, labda −8,400, maana yake maandishi yamepungua kiasi hicho (ya kijani yenye + ni yaliyoongezeka), na aliyefanya hana hata ukurasa wa mtumiaji. Fungua, tazama, tengua, endelea na kazi zako. Kwenye Wikipedia ya Kiingereza mambo kama hayo hushughulikiwa na roboti, ipo moja inaitwa ClueBot NG, ambayo mara nyingi hutengua kabla binadamu hajafika.

Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, haina macho mengi hivyo. Ina wakabidhi, wale wenye uwezo wa kulinda ukurasa na kumzuia mtu, lakini ni wachache na wana kazi zao na watoto wao. Wapo pia wajitoleaji wanaozunguka kwenye wiki ndogo ndogo za lugha mbalimbali wakifagia takataka. Mungu awabariki. Tatizo ni kwamba wengi wao hawasomi Kiswahili. Ukurasa uliofutwa watauona. Tusi la Lubumbashi, nusu Kiswahili nusu Kibemba, limekaa katikati ya aya lina nukta na herufi kubwa kama sentensi ya heshima, watalionea wapi? Nimewahi kukuta tusi la namna hiyo, la mama wa mtu kabisa, limekaa wiki kadhaa katika ukurasa wa kata moja. Namba yake ilikuwa ya kijani, +61. Kwa macho ya mgeni, mtu alikuwa ameongeza maarifa.

Ndiyo maana nasema kazi hii inatuhitaji sisi. Hakuna roboti iliyolelewa mtaani Katuba.

Ile +12 iliyonikosesha usingizi

Sasa tuje kwa ile inayouma. Hapa kwetu mpira ni dini ya pili, na ukurasa wa TP Mazembe, klabu yetu kubwa, ni kama soko la Kenya siku ya Jumamosi: kila mtu anapita, wengine mikono mirefu. Jioni moja kwenye orodha yangu ya maangalizi, yaani kurasa ninazozifuatilia, nikaona mabadiliko mawili ya mtu mmoja, yamefuatana. La kwanza +12. La pili 0.

Ningeweza kuyapita. Herufi kumi na mbili ni nini? Nikafungua tofauti, ulinganisho wa matoleo mawili. Kushoto, toleo la zamani, mstari wa ubingwa wa Afrika wa klabu: 1967, 1968, 2009, 2010, 2015. Kulia, toleo jipya: 1967, 1968, 1969, 1970, 2009, 2010, 2015. Hesabu mwenyewe, miaka miwili pamoja na mikato na nafasi zake: kumi na mbili. Badiliko la pili lilikuwa kwenye sentensi ya juu, "mara 5" imekuwa "mara 7". Tarakimu imeondoka, tarakimu imeingia, ndiyo maana programu ikaandika 0.

Uzuri wa uongo ule, kama uongo una uzuri, ni kwamba ulijengwa juu ya kweli. Mazembe, wakati huo ikiitwa Englebert, ilifika fainali mwaka 1969 na mwaka 1970. Ilifika, ikapoteza zote mbili: ya kwanza mbele ya Ismaily ya Misri, ya pili mbele ya Asante Kotoko ya Ghana. Mzee yeyote wa mtaa wa Kamalondo atakuambia "tulicheza fainali nne mfululizo" na hatakuwa amedanganya. Huenda aliyebadilisha alimsikia babu yake. Huenda alikuwa mtu wa Lupopo, klabu pinzani ya mjini, anayetaka watani wake waonekane waongo. Siwawekei dhamana hao. Kusudi lake silijui, na kwa kweli halinihusu. Mwaka ulioandikwa ulikuwa wa uongo, basi.

Kwa hiyo kanuni yangu, kama unataka niiite kanuni: ninazisoma kwanza namba ndogo. Zile kubwa nyekundu zitaonwa na wengine. Tarakimu iliyogeuzwa, 1910 ya kuanzishwa kwa mji ikawa 1901, 1891 ya kifo cha Msiri ikawa 1981, neno "si" lililochomolewa mbele ya kitenzi, hayo hukaa miaka. Kuna mwanafunzi atayanakili kwenye daftari. Kuna mtangazaji atayasoma redioni. Kisha kuna tovuti itayaandika, na siku utakapotaka kusahihisha, mtu atakuletea tovuti hiyo hiyo kama chanzo. Nimeshaona mduara huo ukizunguka; kutoka ndani yake ni kazi. Njia ninayoijua ni kutazama tarehe: kama kosa liliingia Wikipedia kabla tovuti haijaliandika, huyo si shahidi, huyo ni kasuku.

Ukurasa huo huo wa Mazembe ulinipa somo la upande wa pili. Mtu mwingine alifuta 1967 kabisa. Kwenye muhtasari aliandika: "fainali haikuchezwa". Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye "tengua". Bahati nzuri nilikwenda kusoma. Fainali ya 1967 ilichezwa mara mbili, 1–1 na 2–2, ikapangwa mechi ya tatu nchini Kamerun, na Kotoko hawakutokea. Kombe wakapewa Englebert. Jamaa alikuwa na kipande cha kweli mkononi na hitimisho la makosa mdomoni. Huyo si mharibifu. Nilirudisha mwaka, nikaongeza sentensi moja inayoeleza jinsi kombe lilivyopatikana, nikamwandikia kwenye ukurasa wa majadiliano. Hakujibu, lakini hakufuta tena. Na ukurasa ukawa bora kuliko ulivyokuwa kabla hajaugusa.

Kutengua kwenyewe

Watu wanadhani kitufe cha "tengua" kinarudisha ukurasa ulivyokuwa. Kinaondoa badiliko ulilolichagua tu. Waharibifu wenye akili, au wenye bahati, huhariri mara mbili: kwanza wanaharibu, halafu wanagusa kitu kidogo kisicho na maana. Wewe unafika, unaona la mwisho, unatengua, unaridhika. La kwanza limebaki, na sasa juu yake kuna jina lako, mhariri wa kuaminika. Anayekuja baada yako anaona wewe umeshapita, naye anapita.

Basi usianzie kwenye badiliko. Anzia kwenye historia ya ukurasa. Shuka chini mpaka uone toleo la mwisho ambalo ungekubali kuapa kwalo, liwekee alama, liwekee alama na la leo, linganisha. Hapo utaona mkusanyiko wote. Kama katikati hakuna mtu mwema aliyeongeza kitu, fungua lile toleo la zamani kwa kubonyeza tarehe yake, lihariri na kulihifadhi kama lilivyo, na muhtasari uandike umerudi toleo gani. Kama katikati yupo mtu mwema, kaa chini, uondoe uchafu kwa mkono. Ndiyo, ni kazi. Nimewahi kwa uvivu kurudisha toleo la wiki tatu nyuma nikafuta aya nzuri kuhusu reli iliyofika hapa mwaka 1910, aliyoiandika mtu kwa usiku mzima. Alinijibu kwa Kifaransa, kwa adabu, na adabu ile iliniuma kuliko tusi.

Kisha bonyeza jina la aliyefanya, tazama michango yake mingine. Asilimia kubwa ya wanaoharibu ukurasa mmoja wameshapitia jirani. Yule wa 1969 nilimkuta pia kwenye ukurasa wa kipa Kidiaba, ambako alikuwa ameandika kwamba Mazembe iliifunga Inter Milan kule Abu Dhabi Desemba 2010. Na mimi ningependa! Tulifungwa 3–0. Kidiaba alishangilia kwa kuruka kwa makalio mechi za kabla yake. Siku ile hakuwa na sababu.

Mambo mawili ya kiufundi niyapitie haraka. Mosi, wakati mwingine utaona kosa kwenye lile sanduku la taarifa pembeni, unafungua chanzo cha ukurasa, unatafuta neno, halipo. Usidhani macho yako yamechoka. Masanduku mengine huvuta data kutoka Wikidata, hifadhi ya data inayotumiwa na Wikipedia za lugha zote, na uharibifu umefanyika huko. Nenda huko ukautengue. Pili, kwenye wiki nyingi siku hizi mtu asiyejiandikisha haonyeshwi tena kwa anwani ya IP, yaani namba ya muunganisho wake wa intaneti, hupewa jina la muda linaloanza na alama ya wimbi (~) na mwaka. Ukilikuta jina hilo, usimhukumu kwa hilo peke yake. Mimi wa Kolwezi sikuwa na akaunti. Na usikimbilie kuomba mtu azuiwe kwa kosa moja: huku kwetu watu wengi huingia kwenye mtandao kupitia anwani moja ya kampuni ya simu, unaweza kumfungia mlango jirani asiyejua lolote.

Mkianza kurudishiana, simama. Wikipedia ya Kiingereza ina kanuni ya kutotengua zaidi ya mara tatu ndani ya saa 24 kwenye ukurasa mmoja, isipokuwa uharibifu wa wazi. Hata mahali isipoandikwa, ni desturi nzuri. Mimi hujizuia kwenye mbili, kwa sababu najijua.

Rangi nyekundu iliponidanganya

Hili sipendi kulisimulia. Kulikuwa na ukurasa wa mtu aliye hai, anajulikana kidogo hapa mjini. Nikaona −1,900, bila muhtasari, mhariri mpya. Nikatengua bila kusoma. Akafuta tena. Nikatengua tena, nikamwekea onyo, lile lile nililowekewa mimi. Ndipo akaandika kwenye majadiliano yangu mstari mmoja: huyu ni kaka yangu, mambo haya si ya kweli, na watoto wake wanasoma.

Nikaisoma ile aya kwa mara ya kwanza. Madeni, talaka, maneno ya baa. Chanzo hata kimoja hakuna. Mimi, mlinzi, nilikuwa nimeyarudisha mara mbili kwa mkono wangu.

Mwaka 2005 kule Marekani mtu aliandika kwenye ukurasa wa mwandishi wa habari John Seigenthaler kwamba aliwahi kushukiwa katika mauaji ya Kennedy. Uongo huo ulikaa miezi minne, na tangu hapo Wikipedia imekuwa kali zaidi kuhusu watu walio hai. Jambo baya juu ya mtu aliye hai, lisilo na chanzo, linaondolewa. Halijadiliwi kwanza, halisubiri. Anayeliondoa hata akiwa hajui kuandika muhtasari, hata akiwa na hasira, ndiye mwenye haki. Nilimwomba radhi yule ndugu, nikaomba mkabidhi ayafiche matoleo yale kwenye historia. Yalifichwa. Sijui kama watoto walikuwa wameshayaona.

Wakati mwingine cha zamani nacho ni uongo

Mstari unaobadilishwa kuliko yote kwenye kurasa za miji yetu ni idadi ya watu. Leo Lubumbashi ina milioni mbili, kesho ina milioni tatu, keshokutwa mtu wa Mbuji-Mayi, mji mwingine mkubwa wa Kongo, amekuja kutupunguza ili wao wawe juu. Mwanzoni nilikuwa natengua kila mara, narudisha namba iliyokuwapo. Siku moja nikajiuliza: iliyokuwapo iliwekwa na nani? Nikashuka kwenye historia. Iliwekwa miaka mingi nyuma na mtu asiye na akaunti, bila chanzo, kama hao ninaowafukuza. Nilikuwa nimemlinda mharibifu wa zamani dhidi ya mharibifu mpya.

Sensa ya mwisho ya nchi yetu ilifanyika mwaka 1984. Kila namba baada ya hapo ni makadirio ya mtu fulani. Kwa hiyo siku hizi siulizi namba ipi ni kubwa. Nauliza makadirio ni ya nani na ya mwaka gani, na hayo yanaandikwa palepale kwenye sentensi. Asiyeweza kusema, namba yake inaondoka, hata kama imekaa miaka kumi na ina heshima ya mvi.

Na kuna yale yanayofanana na uharibifu kwa asiyejua kwetu. Nimelitaja soko la Kenya hapo juu. Msomaji wa Lubumbashi hakushtuka. Lakini mhariri mmoja wa mbali alikuta sentensi inayosema Kenya ni komine (sehemu ya mji) ya Lubumbashi, pamoja na Katuba, Kamalondo, Kampemba na Ruashi, akaifuta kama mzaha: Kenya ni nchi, si mtaa wa Kongo. Nilicheka, halafu nikajiuliza ni mara ngapi mimi nimefuta mtaa wa mtu. Kwenye kurasa za Kilwa, za Mombasa, za Bujumbura, sitengui jina la mahali mpaka nimetafuta kwanza. Sentensi ya Kenya niliirudisha na chanzo, na sasa kila anayeitazama anaona chanzo kabla hajacheka.

Kuna kijana wa jirani, mwanafunzi wa sekondari, niliyemkamata kwa bahati tu: alikuwa amemweka rafiki yake wa darasani kwenye orodha ya magavana wa Katanga, na jina lile la ajabu nililijua kwa sababu nalisikia likiitwa uani kila jioni. Nilimwendea na simu mkononi. Akatazama kioo, akatazama uso wangu.

"Yaya (ndiyo heshima yetu kwa mkubwa), nilikuwa najaribu tu kama itakubali."

"Na ilikubali?"

"Ilikubali." Halafu, kwa sauti ya chini: "Kumbe banaonaka?" Yaani, kumbe wanaona?

Nilimwonyesha historia, mistari yote, kila mtu na saa yake. Hilo lilimshangaza kuliko ugomvi ambao ningeweza kumpigia. Alinisaidia kama wiki mbili hivi, akagundua kosa moja kwenye ukurasa wa Likasi ambalo mimi nililipita mara kumi, kisha mega zake zikaisha na msimu wa mpira ukaanza. Sikumfuata.

Jana usiku umeme umekatika kama kawaida, simu ina chaji asilimia 14, nikafungua orodha ya maangalizi. TP Mazembe tena, mtu mwenye jina la muda, badiliko moja, 0. Moyo ukashtuka. Nikafungua tofauti, nikasogeza kioo karibu na macho. "Engelbert" imekuwa "Englebert". Herufi mbili zimebadilishana nafasi, na sasa zipo sawa. Mimi niliyeandika lile neno vibaya nilikuwa sijaliona. Nikaandika asante fupi kwenye ukurasa wake wa majadiliano, nikazima simu.